Kipaji ni paji la uso? Jibu kwa mwalimu wa Korogwe

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha Kiswahili kidato cha pili, Korogwe. Juzi niliandika ubaoni: "Juma ana kipaji cha kuchora." Mwanafunzi mmoja aliyehamia kwetu kutoka Mombasa akanyoosha mkono, akasema kipaji ni sehemu ya uso na neno sahihi ni kipawa. Darasa likaangua kicheko, na mimi nikabaki nimeshika chaki. Nilimjibu kwamba yote ni sawa, lakini moyoni sikuwa na hakika. Nani mkweli? Na karama na talanta zinaingia wapi? Kwenye insha zao wanafunzi wangu huyamwaga yote manne kama chumvi.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Kwanza mshukuru kijana huyo. Darasa ambalo mtoto anathubutu kunyoosha mkono juu ya neno la mwalimu ni darasa lenye uhai. Na asemacho si uongo, ila ameishia katikati ya njia.

Kipaji cha uso kipo. Ni paji la uso, sehemu iliyo juu ya nyusi na chini ya nywele, ile tunayoifuta jasho. Paji likipata ki- ya udogo huwa kipaji, kama vile jiko likawa kijiko. Kwa hiyo mtu akikwambia "amejigonga kwenye kipaji", hazungumzii kuimba wala kuchora. Lakini Kiswahili hakikosi maneno yanayofanana sura na kutofautiana ukoo. Paa wa porini, paa la nyumba, kupaa angani, paa samaki kabla ya kumkaanga: nani alidai tufute matatu tubaki na moja? Kipaji cha uso na kipaji cha kuchora ni hivyo hivyo, majirani waliopewa jina moja na wazazi tofauti.

Wapo wanaojaribu kuwafanya ndugu. Husema majaliwa ya mtu yameandikwa kwenye paji la uso wake, liandikwalo ndilo liwalo, na ndiyo sababu uwezo wa kuzaliwa nao ukaitwa kipaji. Hadithi hiyo ni tamu na nimeisikia hata kwa watu wazima wenye shahada zao. Mimi siikubali, kwa sababu kipaji cha pili kina wazazi wanaojulikana, na wala hawako mbali.

Chukua kitenzi -nywa. Anayekunywa ni mnywaji, na kinachonywewa ni kinywaji. Sasa chukua -pa. Anayepa ni mpaji, na kinachotolewa na mpaji ni kipaji. Basi. Mpaji ni neno ambalo wanafunzi wako wanalijua hata kama hawajawahi kulifikiria, maana "Mpaji ni Mungu" wanaisoma nyuma ya daladala na kwenye pindo la kanga za mama zao. Waandikie ubaoni mnywaji na kinywaji, chini yake mpaji na kipaji, halafu nyamaza. Watamaliza wenyewe.

Kipawa nacho kimetoka kwa -pa ile ile, lakini kwa mlango mwingine. Leo wengi tunasema kupewa, ila umbo la kupawa lipo pwani, hasa upande wa kaskazini, na washairi hawajaliacha. Kutuma hutupa kutumwa, na kutumwa hutupa mtumwa, yaani yule anayetumwa. Kupa hutupa kupawa, na kupawa hutupa kipawa, kile ambacho mtu amepawa. Ndiyo maana kijana wa Mombasa amelishikilia neno hili: kwao kitenzi chake bado kinatembea kwa miguu yake, na neno linang'aa maana. Ukisema kipawa anasikia kupawa ndani yake. Ukisema kipaji anasikia paji.

Hapa nina la pembeni, mwalimu, univumilie. Kipawa nacho kina pacha wake. Upawa ni chombo cha jikoni, kile cha kifuu cha nazi chenye mpini, cha kupakulia mchuzi; na upawa mdogo ni kipawa. Kwa hiyo hoja ya kijana ikikubaliwa, kwamba neno lenye maana nyingine lisitumike, basi na kipawa tukirudishe jikoni, na hapo tutabaki hatuna la kumwita Juma.

Kwa hiyo kipaji na kipawa ni sawa kwa maana. Tofauti iliyobaki ni ya mahali. Magazeti, redio na viwanja vya Tanzania vinapenda kipaji, na kipawa utakisikia zaidi kwa watu wa lugha na katika maandishi ya heshima. (Wakazi wa Dar es Salaam wakisikia Kipawa wengi hufikiria kwanza kata iliyo jirani na uwanja wa ndege.) Kenya, shuleni hasa, kipawa kina nguvu zaidi, na mitaani na serikalini talanta imetamalaki. Mwanafunzi wako hakukosea lugha. Amebeba mazoea ya kwao akayaita sheria, kosa ambalo sisi walimu hulifanya kila siku.

Swali lako la pili ndilo nililolipenda, kwa sababu ukiyapanga maneno hayo manne unagundua jambo. Yote ni maneno ya kupewa. Hakuna hata moja kati yao ambalo halina mkono wa mtoaji nyuma yake.

Angalia karama. Ni neno la Kiarabu lililoingia na ukoo wake mzima: karimu, ukarimu, karamu, takrima. Wote hao ni watu wa kutoa bila kudai malipo, ingawa takrima ilikuja kuharibika jina kwenye kampeni za uchaguzi hadi Mahakama Kuu ya Tanzania ikavibatilisha vifungu vyake mwaka 2006. Kwa Waislamu karama ni hasa jambo lisilo la kawaida ambalo Mungu humkirimu walii wake, na wanazuoni hulitenga na muujiza, ambao ni wa mitume. Kwa Wakristo neno hili lilichukuliwa na watafsiri wa Biblia. Ukitaka kulielewa kwa mstari mmoja, soma Warumi 6:23, pale mshahara wa dhambi unapowekwa upande mmoja na karama ya Mungu upande wa pili. Mshahara unaufanyia kazi. Karama hupewi kwa sababu umestahili. Kisha katika 1 Wakorintho 12 karama zinakuwa nyingi: kuponya, kutoa unabii, kunena kwa lugha. Kutoka hapo neno likabaki na harufu ya madhabahu. Mwimbaji wa kwaya ana karama. Mhubiri ana karama. Mshambuliaji wa timu ya mtaa akiambiwa ana karama, msemaji ama ni mlokole ama anatia chumvi makusudi.

Hii ndiyo sababu nisingemkata alama mwanafunzi aliyeandika "karama ya uongozi", lakini ningeweka alama ya kuuliza pembeni ya "karama ya kudanadana mpira". Si kosa la sarufi. Ni kama kuvaa kanzu kwenda kuzibua mtaro.

Talanta ilianza kama mzigo wa fedha, na mzito kweli. Ni neno la Kiyunani la kipimo cha uzito, na talanta moja ilihesabiwa kuwa dinari 6,000. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 20 kuipata talanta moja, tena bila kula. Kwa hiyo katika Mathayo 25, yule mtumwa anayehurumiwa kwa kupewa "moja tu" alikabidhiwa utajiri. Watu wengi husoma mfano ule wakidhani kapewa vijisenti.

Neno liliingia Kiswahili kupitia Biblia likiwa bado pesa. Mahubiri ndiyo yaliyolibadilisha. Karne kwa karne, huko Ulaya kwanza na kwetu baadaye, wahubiri walisema talanta zile ni uwezo ambao Mungu amemkabidhi kila mtu, na taratibu fedha ikafutika ikabaki maana ya mahubiri. Ndiyo maana hadi leo talanta ina vitenzi vyake ambavyo havikai vizuri na kipaji. Talanta hufukiwa, kwa sababu mtumwa yule alichimba shimo akaificha. Kiongozi wa vijana kanisani atakwambia "usifukie talanta yako". Talanta huzaa, huongezeka, hudaiwa. Bwana atarudi kuuliza hesabu. Kenya wamelitoa kanisani wakalipeleka mtaani kabisa, hadi uwanja mkubwa uliojengwa Nairobi karibu na barabara ya Ngong kwa ajili ya michuano ya Afrika ya 2027 ulianza na jina la Talanta, na Mkenya wa kawaida akilitamka hafikirii Mathayo hata kidogo. Mimi, mtu wa kizamani, nikilisikia bado naona shimo na koleo.

Basi manne: mpaji, aliyepawa, mkarimu, bwana aliyekabidhi mali. Hata majirani zetu wako humo humo. Mnyarwanda husema impano, zawadi na kipaji kwa neno moja, kutoka kwenye guha, ambayo ni -pa yetu iliyolainika. Ile p imebaki salama ndani ya impano kwa sababu imelindwa na m. Na Waarabu kwa kipaji husema mawhiba, kutoka kwenye wahaba, alitoa. Neno hilo hatukulichukua, lakini ndugu yake tunaye: hiba, mali ambayo mtu humpa mwenzake kwa hiari akiwa hai.

Vitenzi navyo vinafuata mkondo. Mtu hujaliwa kipaji, hutunukiwa kipaji, hupewa. Asiye nacho amenyimwa. Bibi yangu alikuwa akisema, "Mungu kaninyima sauti, kanipa mkono," kisha akakuletea pilau ambayo hujawahi kuonja mfano wake. Sikiliza jinsi anavyokwepa neno kipaji na bado kasema kila kitu.

Na hapo ndipo ninapotaka kukupeleka, kwa sababu matumizi ya kila siku si haya ya kamusi tu. Watu wengi mtaani hawasemi kipaji. Hutaja kiungo. Ana sauti. Ana mkono. Ana mguu wa kushoto. Ana jicho, kwa mpiga picha au fundi cherehani. Ana ulimi, ingawa huu wa mwisho unaweza kuwa sifa au tusi, sikiliza sauti ya msemaji. Mfano wenye historia ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaanza kwa kuuza vyungu, kisha akaimba taarabu hadi akavuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Waliomwonea kijicho mjini walimtungia wimbo wa kumsimanga, wakimkumbusha kaniki aliyokuja nayo na kuuliza kama si sauti angekula nini. Walikusudia kumdhalilisha, lakini neno walilotumia kwa uwezo wake ni lile lile ambalo mtu wa Ng'ambo ya mji wa Unguja angelitumia leo: sauti. Hawakusema kipaji, na hakuna aliyehitaji maelezo.

Vijana wako wana yao. Mwanafunzi anayefaulu bila jasho ni kipanga, au kichwa. Wa upande wa pili ni kilaza, neno ambalo nisingelipenda darasani kwako. Na anayefaulu kwa kukesha wanasema amepiga msuli. Ona jinsi lugha ya bwenini inavyotenganisha kile ulichopewa na kile ulichokitolea jasho, vizuri kuliko insha nyingi. Uwanjani husema "dogo anajua" bila kutaja anajua nini, na akizidi, "anajua hadi anakera". Huko Tanzania nzima utaelewa kwamba huyo ana kipaji.

Tofauti ya kupewa na kutolea jasho ndiyo ningeisimamia kwenye insha, kuliko ugomvi wa kipaji na kipawa. Kosa ninalokutana nalo mara nyingi ni hili: "Nilijifunza kipaji cha kushona VETA." Hapana. Huko VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, amejifunza ufundi, akapata ujuzi, na akiendelea atapata umahiri. Kipaji alikwenda nacho au hakwenda nacho. Vivyo hivyo "amesomea kipaji", "amenunua kipaji". Kipaji hukuzwa, hulelewa, hunolewa, huendelezwa; hufifia, hudumaa, hufa. Ukikitazama vizuri, kimewekwa upande wa mimea na watoto, na hapa na pale upande wa kisu.

Kitenzi kinachopendwa kuliko vyote na wanahabari ni kuibua. "Mashindano ya kuibua vipaji." Waulize wanafunzi kuibua ni nini na wengi watasema ni kugundua. Kuibuka ni kutoka chini ya maji ukaonekana juu, kama mzamiaji anayetoa kichwa kuvuta pumzi, na kuibua ni kumtoa mtu au kitu huko chini. Kwa hiyo anayeibua kipaji hakitengenezi. Kilikuwepo, kimezama. Mwandishi wa kwanza aliyeyaunganisha maneno hayo alijua alichofanya. Walioiga baada yake, sina hakika.

Kuna pia "kipaji cha kuzaliwa", ambacho wakali wa lugha hukikata kwa wino mwekundu wakisema kipaji chote ni cha kuzaliwa. Mimi sikikati. Watu hurudia ili kusisitiza, na tangu kipaji kimeanza kutumika ovyo kwa ujuzi wa kila aina, mtu anayetaka kusema jambo la asili kweli analazimika kuongeza neno. Serikali yenyewe ilichangia. Tanzania tuna shule za wanafunzi wenye vipaji maalumu, Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, Msalato na zile mbili za Tabora, na wanaoingia huko huchaguliwa kwa matokeo ya mtihani. Wengi wao ni vipanga. Wengine ni mabingwa wa msuli. Mtihani hauwezi kuwatenga, lakini jina la shule limeshawaita wote wenye vipaji.

Viwili vya haraka. Kwanza, kipaji hufuatwa na -a unganifu: kipaji cha kuchora, kipaji cha uchoraji. "Kipaji katika kuchora" ni Kiswahili kilichokonda. Pili, siku hizi mtu mwenyewe huitwa kipaji: "klabu imesajili vipaji vitatu kutoka Mbeya." Nakikubali, mradi upatanisho ubaki wa kitu. Kiongozi huyu, kijana huyu, sawa, wamekwishakuwa watu. Lakini kipaji hiki kimewasili, si kipaji huyu amewasili. Na usiseme nyuki ana kipaji cha kujenga masega. Nyuki wafanyakazi wote hujenga. Hiyo ni silika. Kipaji lazima kimpite jirani.

Sasa kijana wa Mombasa. Mwite mbele ya darasa lile lile lililomcheka, umwambie kwamba kipawa chake ni sahihi na kwamba kipaji chako ni sahihi, na umpe chaki aandike kupa, kupawa, kipawa, na wewe uandike mpaji, kipaji. Kisha mpe kazi ya likizo: akifika nyumbani aingie jikoni kwa bibi yake aombe kuonyeshwa upawa, aone kama bado upo au umeshapigwa teke na kijiko cha plastiki.